NFS: faili moja la nfs.conf kwa seva na kompyuta zote za labu, nini kifanane na nini kisifanane?

LabuMwanga (Kigoma)

Wakuu, habari za leo. Naomba mawazo ya wanaoijua NFS (mfumo wa kutumia saraka za seva kupitia mtandao) kwa undani.

Mtandao wetu uko hivi. Seva ni Debian 12, iko jengo la Mwanga, anwani 192.168.10.5, jina `seva.chuo.lan`. Labu ina kompyuta 24: 18 ni Debian 12, zote zimemwagiwa picha moja ya diski kwa Clonezilla (programu ya kunakili diski nzima), na 6 ni Ubuntu 20.04 za zamani. Tawi la Ujiji lina kompyuta 4 zinazofika kwa redio, mtandao wa 192.168.20.0/24. Saraka za wanafunzi ziko `/srv/nyumbani`. Kwenye `fstab` (orodha ya saraka za kumaunti, yaani kuunganisha) za Ubuntu kumeandikwa `vers=3`, yaani toleo la 3 la NFS, na za Ujiji pia. Za Debian hazina toleo lolote, zinajichagulia zenyewe. ufw (ukuta wa moto) imewashwa kwenye seva na kwenye kompyuta zote.

Dalili ni hizi:

1. Umeme ukikatika na seva ikawaka upya, kompyuta za Ubuntu zinaonyesha mafaili vizuri kwa `ls`, lakini LibreOffice ikifungua faili inaganda moja kwa moja.
2. Zile 18 za Debian zinaganda hovyo wanafunzi wakiingia kwa wingi, kisha programu zinalalamika kosa la kusoma au kuandika. Ikiwashwa moja peke yake haina tatizo.
3. Baadhi ya mafaili yanaonekana ni ya `nobody`, mengine ni ya mwanafunzi mwingine kabisa.
4. Ujiji `ls` inajibu, kunakili faili kubwa kunakwama.

Nataka kutengeneza faili moja la `/etc/nfs.conf` nilisambaze kwa Ansible (chombo cha kusimamia kompyuta nyingi kwa pamoja) kwa seva na wateja wote (kompyuta zinazotumia saraka za seva) kwa mkupuo. Je, inafaa? Mipangilio ipi lazima ifanane pande zote mbili, na ipi ni ya upande mmoja tu?

---

Malagarasi

Inafaa, na ndivyo faili lile lilivyokusudiwa. Kila huduma husoma sehemu zinazoihusu tu, nyingine inaziruka. `[nfsd]`, `[mountd]`, `[exportfs]` na `[exportd]` ni za seva. `[gssd]` kwa kawaida ni ya mteja. `[statd]`, `[lockd]` na `[sm-notify]` ni za wote wawili, na hapo ndipo dalili yako ya kwanza inapotoka.

Watu wengi hudhani kwenye NFS seva ndiyo inayosikiliza na mteja anapiga simu tu. Kwa toleo la 3 si kweli. Kufuli za mafaili zina itifaki yake ya pembeni, na mteja naye anasikiliza: `lockd` yake hupokea taarifa kwamba kufuli lililokuwa linasubiriwa sasa limepatikana, na `statd` yake hupokea taarifa kwamba seva ilizima ikawaka, ili mteja adai upya kufuli zake. Usipotaja poti, huduma hizi hujichukulia poti yoyote kila zinapoanza. Kwa hiyo umeme ukirudi, 2049 ya data iko palepale na `ls` inajibu, lakini `lockd` ya seva imehamia poti ambayo ufw haiijui. Mteja anauliza rpcbind (huduma inayotaja kila huduma iko poti gani) poti mpya, anaipata, anagonga, pakiti zinatupwa kimya. LibreOffice inataka kufuli kabla ya kufungua faili, basi inasubiri bila mwisho.

Weka hivi pande zote mbili:

```
[lockd]
port=4045
udp-port=4045

[statd]
port=32765
outgoing-port=32766

[mountd]
port=32767

[nfsd]
threads=16
```

Utakuta maelekezo mengi mtandaoni yanaipa `lockd` poti 32768. Usifuate. Linux kwa chaguo-msingi hutoa poti za muda za miunganisho inayotoka kuanzia 32768 hadi 60999, kwa hiyo kuna siku kivinjari au programu nyingine itakuwa imeshaikalia kabla `lockd` haijaanza. 4045 iko nje ya eneo hilo.

Kwenye seva:

```
ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 111,2049,4045,32765,32767 proto tcp
ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 111,4045,32765,32767 proto udp
```

Rudia kwa 192.168.20.0/24. Kwenye kila mteja:

```
ufw allow from 192.168.10.5 to any port 111,4045,32765 proto tcp
ufw allow from 192.168.10.5 to any port 111,4045,32765 proto udp
```

UDP usiisahau hata kama umemaunti kwa TCP, maana taarifa ya seva kuwaka upya husafiri kwa UDP.

Sasa mtego wenyewe. Ubuntu 20.04 ina nfs-utils 1.3.4, na faili la `nfs.conf` lilianza na 2.1.1. Yaani kompyuta zako 6 hazilisomi kabisa. Ansible itakuonyesha kijani, faili litakaa `/etc` likiwa pambo tu. Kwa hizo mipangilio inaandikwa sehemu mbili. Kwenye `/etc/default/nfs-common`:

```
STATDOPTS="--port 32765 --outgoing-port 32766"
```

Na kwenye `/etc/modprobe.d/lockd.conf`:

```
options lockd nlm_tcpport=4045 nlm_udpport=4045
```

Debian 11 nayo ina 1.3.4, endapo kuna mahali bado ipo. Kinyume chake, kwenye Debian 12 kuandika `RPCNFSDCOUNT` ndani ya `/etc/default/nfs-kernel-server` hakufanyi kitu tena. Idadi ya nyuzi za seva sasa ni `threads` ndani ya `[nfsd]`.

`lockd` iko ndani ya kerneli. Kuwasha upya huduma hakuihamishi poti kama bado kuna maunti ya toleo la 3 au seva ya NFS inaendelea. Washa kompyuta upya kabisa, halafu hakiki:

```
nfsconf --dump
rpcinfo -p
rpcinfo -p 192.168.10.5
```

Amri ya kwanza inakuonyesha kilichoandikwa, ya pili na ya tatu kinachosikiliza kweli. Ziamini hizo mbili za mwisho, kwa sababu ukikosea herufi kwenye jina la mpangilio, `nfs.conf` hailalamiki, inapita tu. Na kama unaweka vipande ndani ya `/etc/nfs.conf.d/`, jina la faili liishie na `.conf`.

---

Isevya (Tabora)

Naongezea kwenye namba 1 kabla hatujasonga. Seva ikiwaka upya kuna muda inakataa kufuli mpya ili wateja wa zamani wadai zao kwanza. Chaguo-msingi ni sekunde 90. Kuganda kwa dakika moja na nusu baada ya umeme kurudi ni kazi ya kawaida ya NFS, usianze kuchokonoa kitu. Kuganda kwa dakika kumi ndiyo hitilafu.

Muda huo ni `grace-time` na `lease-time` ndani ya `[nfsd]`. Ni mpangilio wa seva peke yake, mteja wa toleo la 4 anaambiwa na seva anapojiunga. Huna haja ya kuuandika kwa mteja.

Kingine cha umeme: kama `/srv/nyumbani` ni diski ya pembeni, na diski ikachelewa kupanda wakati wa kuwaka, seva itatoa saraka tupu iliyo chini yake. Wanafunzi watakuta nyumbani mwao hamna kitu na watapiga kelele chuo kizima. Weka `mp` kwenye `/etc/exports`, seva haitatoa saraka mpaka diski iwe imemauntiwa:

```
/srv/nyumbani 192.168.10.0/24(rw,sync,no_subtree_check,mp) 192.168.20.0/24(rw,sync,no_subtree_check,mp)
```

Angalia hakuna nafasi kati ya anwani na mabano. Ukiacha nafasi, `192.168.10.0/24 (rw)`, maana yake inageuka: mtandao wako unapata chaguo-msingi, ambalo ni kusoma tu, na dunia nzima iliyobaki inapata ruhusa ya kuandika. Baada ya `exportfs -ra` soma matokeo ya `exportfs -v` mstari kwa mstari.

---

Dada_Seva

Namba 3 ni mambo mawili yaliyopandana, yatenganishe.

Faili kuonekana la mwanafunzi mwingine ni UID, yaani namba ya mtumiaji. Bila Kerberos (mfumo wa kuthibitisha mtumiaji kwenye mtandao), yaani kwa `sec=sys`, seva haiangalii jina la mtu. Inapokea namba na kuiamini. Debian na Ubuntu zote zinampa mtumiaji wa kwanza 1000, wa pili 1001, kwa mpangilio aliosajiliwa kwenye kompyuta ile. Kama kompyuta ya dirishani ilimsajili Neema kwanza na ya mlangoni ilimsajili Juma kwanza, wote ni 1000 na wote ni mtu mmoja machoni pa seva. Ruhusa nazo zinafuata namba hiyo, kwa hiyo si suala la maonyesho tu: Juma anaweza kufuta kazi ya Neema. Linganisha:

```
id mwanafunzi07
```

kwenye seva na kwenye kompyuta tatu tofauti. Zikitofautiana, dawa ni orodha moja ya watumiaji: LDAP na sssd, au kama wanafunzi si wengi, Ansible iwatengeneze kwa `uid` iliyoandikwa wazi. Namba zikishawekwa sawa, mafaili ya zamani yarekebishe kwa `chown` ukiwa kwenye seva yenyewe, usifanye kutoka kwa mteja.

Kuonekana kwa `nobody` kwanza kabisa kague nani aliyaumba mafaili hayo. Seva kwa chaguo-msingi ina `root_squash`: root wa kompyuta ya mteja anageuzwa kuwa 65534, ambaye ni `nobody` na kundi `nogroup`. Kila faili lililonakiliwa kwa `sudo` kutoka kompyuta ya labu litakuwa la nobody, na hiyo ni sahihi kabisa. Usikimbilie `no_root_squash` kuliondoa, utakuwa umempa mwenye root wa kompyuta yoyote funguo za saraka nzima.

Baada ya hapo ndipo uangalie `/etc/idmapd.conf`:

```
[General]
Domain = chuo.lan
```

Mstari huu lazima ufanane herufi kwa herufi pande zote mbili. Ila ujue unafanya nini. Toleo la 4 linaweza kutuma mwenye faili kama jina, mfano `neema@chuo.lan`, na upande wa pili ukiwa na kikoa kingine haumtambui, unamwita nobody. Kati ya Linux na Linux kwa `sec=sys` kerneli za sasa hutuma namba tupu, kwa hiyo kikoa kina uzito zaidi ukitumia Kerberos au mtu akiwa amezima tabia hiyo. Angalia:

```
cat /sys/module/nfs/parameters/nfs4_disable_idmapping
cat /sys/module/nfsd/parameters/nfs4_disable_idmapping
```

Ya kwanza kwa mteja, ya pili kwa seva. `Y` ni namba, `N` ni majina. Kikoa kinachotumika kweli kinaonyeshwa na `nfsidmap -d`, na ukishabadilisha faili, futa kashe ya mteja kwa `nfsidmap -c`, la sivyo utaendelea kuona nobody wa zamani na kudhani hujarekebisha.

Kulinganisha kikoa hakubadilishi ruhusa za `sec=sys` hata kidogo. Nasema hivyo kwa sababu majibu mengi mtandaoni yanampa mtu `idmapd.conf` kama panadoli ya kila ugonjwa, kumbe tatizo ni UID.

Kama mwanafunzi au mwalimu yuko kwenye makundi zaidi ya 16, ongeza `manage-gids=y` chini ya `[mountd]` kwenye seva. Ujumbe wa `sec=sys` una nafasi ya makundi 16 tu, mengine yanakatwa kimya. Kwa mpangilio huo seva inatafuta makundi yenyewe, hivyo nayo lazima iwajue watumiaji.

---

Katubuka

Nimekuwa nasubiri mtu aguse namba 2. Mkuu, endesha `hostname` kwenye zile 18 za Clonezilla utuambie.

---

LabuMwanga

Shukrani wote. Poti nimeziweka, Ubuntu zimepona, nimezima seva makusudi na kuiwasha, LibreOffice inafungua baada ya muda mfupi kama alivyosema Isevya. UID zinatofautiana kweli, naandaa orodha moja.

Mkuu Katubuka, zote 18 zinajibu `labu`. DHCP inazipa anwani tofauti kwa MAC, ndiyo maana hatukuona shida ya jina. Lina uhusiano?

---

Katubuka

Ndilo tatizo lenyewe. Uliuliza nini kifanane. Hiki ni kitu ambacho hakitakiwi kufanana.

Kwenye toleo la 4 seva inaweka kumbukumbu kwa kila mteja: mafaili aliyofungua, kufuli alizoshika, mara ya mwisho kusikika. Mteja anajitambulisha kwa kamba ya maneno, na kwenye 4.1 na 4.2 Linux inaitengeneza kwa jina la kompyuta, bila anwani ya IP. Kompyuta zako 18 zote zinasema "mimi ni labu". Ya kwanza inajiunga. Ya pili inakuja na jina lilelile na alama mpya ya kuwaka, seva inahitimisha kwamba labu alizima akawaka, inafuta kila kitu cha yule wa kwanza. Wa kwanza anashtuka hatambuliki, anajiunga upya, anamfuta wa pili. Zikiwa 18 ni vurugu tupu, na ikiwashwa moja peke yake hakuna wa kugombana naye. Zile za Ubuntu zimeepuka kwa sababu ziko toleo la 3, ambako hakuna utambulisho wa namna hii.

Thibitisha kwenye seva, kerneli ya Debian 12 inakuruhusu:

```
cat /proc/fs/nfsd/clients/*/info
```

Kompyuta zote zikiwa zimewashwa utaona mstari wa `name` wenye `labu` kwa mteja mmoja au wawili hivi, badala ya 18, na anwani inabadilika kila ukisoma.

Dawa ni kuipa kila moja jina lake: `labu01`, `labu02` na kuendelea. Ansible inaweza kuyapanga kwa MAC. Badilisha `/etc/hostname` na mstari wa 127.0.1.1 kwenye `/etc/hosts`, kisha washa upya, kwa sababu utambulisho hupangwa wakati wa kumaunti. Kama kuna sababu ya majina kubaki sawa, kuna njia nyingine kwenye `/etc/modprobe.d/nfs.conf`:

```
options nfs nfs4_unique_id=labu07-mwanga
```

Thamani hiyo iwe tofauti kila kompyuta. Usiingie mtegoni kwa kuitoa kwenye `/etc/machine-id`, maana hiyo nayo imenakiliwa na Clonezilla. Kabla ya kupiga picha ya diski mara nyingine, kwenye kompyuta ya mfano fanya:

```
truncate -s 0 /etc/machine-id
rm -f /var/lib/dbus/machine-id
```

Kila nakala itajitengenezea yake ikiwaka mara ya kwanza. Humo humo safisha `/var/lib/nfs/sm` na `sm.bak`, na kama mtatumia Kerberos, `/etc/krb5.keytab` isiwemo kwenye picha: kila kompyuta inahitaji yake.

---

Isevya (Tabora)

Kwa Ujiji, kabla ya NFS, pima njia:

```
ping -M do -s 1472 192.168.10.5
```

1472 ni 1500 ukitoa vichwa vya pakiti. Ikikataa, redio au handaki lolote katikati linapitisha chini ya 1500. Kama kuna mtu aliweka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 9000 kwenye seva na kwenye kompyuta za Ujiji ili kuongeza kasi, huku redio ikiishia 1500, dalili ni hiyohiyo yako: vitu vidogo kama `ls` vinapita, faili kubwa linakwama. MTU lazima ikubaliwe na kila kifaa njiani, si ncha mbili tu. Rudisha 1500 kila mahali, redio ya kilomita chache haitafaidika na 9000.

Angalia pia kama ruta ya Ujiji inafanya NAT (kubadilisha anwani na poti za pakiti zinazopita). Seva kwa kawaida inakataa mteja anayetoka poti ya 1024 kwenda juu, na NAT huzibadilisha. Afadhali kuzima NAT na kuweka njia ya kawaida kati ya mitandao hiyo miwili, kuliko kuongeza `insecure` kwenye exports.

Halafu kwa kiungo kama hicho ningeweka `soft` ili kompyuta zisigande redio ikikatika.

---

Dada_Seva

Kaka Isevya, kwenye `soft` sikubaliani, kama saraka inaandikwa. `soft` maana yake baada ya majaribio kadhaa kerneli inaiambia programu "kosa" na kuachana na data. Programu nyingi hazikagui kosa la kuandika vizuri, unabaki na faili nusu ambalo hakuna aliyelilalamikia. `hard` ndiyo chaguo-msingi, iache. Kama Ujiji wanahitaji nyaraka za kusoma tu, hapo sawa, `ro,soft`.

Hizi ni opsheni za mteja, seva haihusiki nazo. Ili usirudie kwenye kila `fstab`, kuna `/etc/nfsmount.conf`:

```
[ NFSMount_Global_Options ]
Nfsvers=4

[ Server "seva.chuo.lan" ]
Rsize=65536
Wsize=65536
```

Sehemu ya `Server` iweke kwa kompyuta za Ujiji tu. Saizi ya kusoma na kuandika ni jambo la maelewano: mteja anaomba, seva ina kikomo chake, inachukuliwa ndogo. Kwa kawaida zinafika 1048576, ambayo kwenye redio ya 10 Mbps ni karibu sekunde nzima kwa ombi moja, na wengine wote wanapanga foleni nyuma yake. Jina ndani ya alama za kunukuu lifanane na lililoandikwa kwenye `fstab`. Ukimaunti kwa 192.168.10.5 huku umeandika `seva.chuo.lan`, sehemu hiyo itarukwa kimya. Opsheni iliyoandikwa kwenye `fstab` yenyewe inashinda zote.

```
seva.chuo.lan:/srv/nyumbani /nyumbani nfs vers=4.2,hard,_netdev,nofail,x-systemd.automount 0 0
```

Kwa `nofail` na automount kompyuta ya Ujiji itawaka hata redio ikiwa chini, itamaunti mtu atakapoigusa saraka. Ila saraka za nyumbani zenye data za kivinjari juu ya redio zitawatesa watu, hifadhi za SQLite za kivinjari zinaandika vipande vidogo vidogo kila sekunde. Mimi ningewaachia nyumbani pa ndani ya kompyuta na kuwapa saraka ya kazi tu kutoka seva.

---

LabuMwanga

Majina yamebadilishwa, `clients` sasa inaonyesha 18 na kuganda hakujarudi. Ujiji redio ilikuwa 1500, seva na kompyuta 9000, kama mlivyosema. Swali la mwisho: Ubuntu na Ujiji zote nikizihamishia 4.2, bado nahitaji zile poti zote?

---

Malagarasi

Huzihitaji. Kerneli 5.4 ya Ubuntu 20.04 inaiweza 4.2 bila shida. Kwenye toleo la 4 kufuli ziko ndani ya itifaki yenyewe, na kuanzia 4.1 hata taarifa za seva kwenda kwa mteja hupita kwenye muunganisho uleule aliofungua mteja. Mteja hasikilizi poti yoyote. Ndiyo maana nakushauri usiishie kwenye kupanga poti, hama kabisa.

Hamisha wateja wote kwanza, hakikisha `nfsstat -m` kwenye kila mmoja inaonyesha `vers=4.2`, ndipo useme kwenye seva:

```
[nfsd]
threads=16
vers3=n
vers4.0=n
```

Washa upya `nfs-server`, kisha:

```
cat /proc/fs/nfsd/versions
systemctl mask --now rpcbind.service rpcbind.socket rpc-statd.service
```

Faili la `versions` lionyeshe `-3` na `-4.0`. `rpc.mountd` iache iendelee, kerneli bado inaiuliza nani ameruhusiwa, ila haihitaji kufikiwa kutoka nje. Kwenye ufw ya seva bakiza TCP 2049 peke yake, na kwa wateja futa sheria zote za NFS. Sehemu za `[lockd]` na `[statd]` unaweza kuziacha kwenye faili, hakuna atakayezisoma. `showmount -e` itaacha kujibu kwa sababu inategemea rpcbind na mountd. Hiyo si hitilafu, waambie wenzako kabla hawajaanza kuitafuta.

---

Isevya (Tabora)

Na saa. Kompyuta za zamani zenye betri ya CR2032 iliyokufa hurudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika. Kwa `sec=sys` NFS haitakukatalia, ila tarehe za mafaili zitavurugika na nakala rudufu zinazotegemea tarehe zitaruka mafaili. Mkiingia Kerberos, tofauti ya zaidi ya dakika 5 inafunga mlango. Weka chrony kwenye seva, wateja wote wachukue saa kutoka 192.168.10.5, na uruhusu UDP 123 kwenye ufw ya seva.